Mama hayupo tena, nani atampikia mzazi mtori?

Jikoni na Ukoo: maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamoo mama. Niko Dar, Kimara, sisi ni Wachaga wa Kibosho ila nimekulia hukuhuku mjini. Mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu na mwezi ujao Mungu akipenda tunapata mtoto wetu wa kwanza. Shida yangu ni kwamba mama yangu mzazi alifariki mwaka juzi. Wake wa kaka zangu kila walipojifungua mama alikuwa anapanda basi anakuja na ndizi zake, anakaa miezi mitatu anapika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, asubuhi na jioni na hakuna anayeruhusiwa kushika mwiko. Sasa hivi dada zangu wako mbali na kazi zao, mmoja anasema nitafute tu dada wa kazi, mwingine anasema mtori usipopikwa na upande wa baba basi mtoto anakuwa kama kazaliwa ugenini. Mama mkwe kasema yuko tayari kuja lakini naogopa watu wa nyumbani wataona kama tumeshindwa. Mimi nataka nipike mwenyewe ila ninachojua kupika ni chipsi mayai. Kihamba cha wazee, shamba letu la migomba la ukoo, bado kipo, baba mdogo ndo anakiangalia. Nifanyeje, na huo mtori unapikwaje? Nielekeze kama mtu asiyejua kitu kabisa. (Baba mtarajiwa, Kimara)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama. Mwaka juzi ni juzi tu, na mtoto wa kwanza huwa anaurudisha msiba upya maana kila hatua unakuta kuna kitu alikuwa anakifanya yeye. Tuanze na hilo linalokuuma, jikoni tutaingia baadaye.

Hilo la mtoto kuzaliwa ugenini mimi silikubali, na nasema hivyo nikiwa mtu wa Uru niliyelishwa mtori na mama mkwe wangu na nikawapikia wake za wanangu. Desturi yetu inataka nini hasa? Inataka mzazi asishike jembe, asibebe maji, asikate majani ya ng'ombe, akae ndani kama miezi mitatu, ale, alale, maziwa yashuke, mtoto anenepe. Mzigo huo anabebeshwa nyumba ya mume kwa sababu mwanamke ndo kaacha kwao kaja kuwazalia wao. Zamani ikiisha hiyo miezi mzazi alipambwa akapelekwa sokoni na watu wakamwimbia nyimbo za kumpokea shujaa aliyetoka vitani, yani kujifungua kulihesabiwa kazi ya kishujaa na nyumba iliyomtunza vizuri ilionekana kwa jinsi alivyong'aa siku hiyo. Bibi mzaa baba alisimamia jiko kwa sababu alikuwepo hapohapo, nyumba yake na ya mwanae hatua chache tu kwenye migomba. Mama yako alipopanda basi kuja Dar na mikungu ya ndizi, zaidi ya kilomita 500 hizo, alikuwa tayari anaifuata desturi kwa namna ambayo bibi yake hakuwahi kuifanya, na hakuna aliyemwambia amekosea. Aliona mjukuu kazaliwa mjini, akaamua jiko liende mjini.

Sasa na wewe uko hapo. Upande wa baba ni nani kama si wewe baba mwenyewe? Tangu zamani mwanaume wa Kichaga alikuwa na kazi yake kwenye uzazi, alitunza mnyama wa kumchinjia mkewe, alichinja, aligawa nyama. Mwiko wa mtori hakuushika kwa kuwa palikuwa na wanawake wa kuushika, nyumba nzima imejaa. Hapo kwako hawapo. Pika baba, na wala usipike kwa kujificha.

Ila kabla hujanunua hata sufuria, muulize mke wako anataka nini. Umeniandikia habari za dada zako, za mama mkwe, za watu wa nyumbani, yeye anayekwenda kujifungua hujaniambia hata mstari mmoja anasema nini. Huenda mtori anaupenda, huenda harufu ya ndizi na nyama asubuhi inamtibua, huenda anamtamani mama yake tu awe karibu. Mtunzwaji ni yeye. Akisema asubuhi nataka uji wa ulezi na mtori unipe mchana, basi ndo ratiba.

Na mama mkwe mkaribishe kwa mikono miwili. Watu wa Tukuyu na Rungwe ni watu wa ndizi kama sisi, mvua wanayo, migomba wanayo, ng'ombe wa maziwa wanao, huyo mama akiingia jikoni kwako hatauliza ndizi inamenywaje. Binti anayejifungua mara ya kwanza kuna mambo atamwambia mama yake ambayo hata wewe hatakwambia. Kuhusu watu wa nyumbani, mpigie shangazi yako, dada wa baba yako kama yupo, au mama mdogo, umwambie kwa heshima kabisa kwamba mama hayupo na unamuomba aje hata wiki moja ampokee mjukuu. Hata kama miguu haimruhusu kusimama jikoni, aje akae kwenye kochi akuelekeze, amshike mtoto. Mzee wa ukoo akiwa ndani ya nyumba hakuna atakayesema mmeshindwa, na dada zako wenyewe utaona wanaanza kutuma vitu. Waambie na wao wachange, aliye mbali anaweza kutuma hela ya nyama kwenye simu, huo nao ni mtori.

Kitu kingine, na hiki ndo nakuomba usikipuuze. Umesema kihamba kipo. Mpigie baba mdogo akukatie ndizi hukohuko. Mgomba unazaa mkungu mmoja tu, ukishakatwa unakufa, lakini pembeni yake machipukizi yameshasimama, ukiwa unatunzwa shina lilelile linaendelea kuzaa miaka na miaka. Ndizi alizozipanda mama yako bado zinazaa. Zile alizokuwa anawapelekea wake za kaka zako zilitoka kwenye mashina hayohayo. Mwambie baba mdogo unataka mshare, zile ndizi za mtori, za nyuma ya nyumba ya mama, atakuelewa bila maelezo mengi. Zinapakiwa kwenye basi asubuhi Moshi, jioni unazifuata stendi ya Magufuli pale Mbezi, na kwa wewe wa Kimara hapo ni mlangoni.

Kwa nini nakazania kihamba, ni kwa sababu mtori ni kihamba chenyewe kwenye bakuli. Migomba inalishwa na samadi ya ng'ombe aliyefungiwa zizini, ng'ombe analishwa majani na vigogo vya mgomba, kahawa inakaa kivulini chini ya hiyo migomba, miti mikubwa juu, mfereji wa maji toka mlimani unapita pembeni. Mfumo huo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliuingiza mwaka 2011 kwenye orodha ya urithi wa kilimo wa dunia, mfano waliouchukua ni kijiji cha Shimbwe Juu, si mbali na kwenu. Mtori unachukua ndizi ya hapo, nyama ya hapo, samli ya hapo, unamlisha mwanamke aliyeleta mtu mpya wa kukirithi. Mjukuu wa mama yako kanyonyeshwa na ndizi za mama yako, hapo dada yako bado atasema ugenini?

Haya, kazi. Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, mapacha siku 100, na baba siku 3. Siku 84 ni wiki 12, karibu sawasawa na ile miezi mitatu ya wazee wetu, ila za kwako 3 zinaisha hujajua hata kumfunga mtoto nepi. Kwa hiyo omba na sehemu ya likizo yako ya mwaka uiunganishe, na anza kujifunza kupika sasa hivi kabla mtoto hajafika, mke wako akiwa bado anaweza kuonja na kukwambia chumvi imezidi.

Ndizi ni mshare, ndefu nyembamba, ikiwa mbichi kabisa na kijani. Ukikosa za nyumbani nenda Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi, uwaambie unataka mshare ya mtori, usikubali kupewa mzuzu maana ile ni ya kukaanga, na bokoboko nayo inakuwa nzito na ya kukwaruza. Nyama chukua kilo moja ya ng'ombe yenye mfupa, mbavu au ile ya shingo, mwenye bucha ukimwambia ni ya mzazi atakuchagulia vizuri.

Nyama ioshe, weka kwenye sufuria na maji kama lita tatu, chumvi kidogo, kitunguu kimoja kizima na kipande cha tangawizi kama mke wako anaipenda. Ikianza kuchemka toa povu lote linaloelea juu, kisha punguza moto iive taratibu. Kwa mkaa ni saa moja na nusu mpaka mbili, kwa presha kuka dakika 40 hivi. Iive mpaka ukiivuta inaachia mfupa yenyewe.

Wakati huo menya ndizi, kumi na mbili mpaka kumi na tano kwa nyama hiyo. Paka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu kwanza kwa sababu utomvu wake ukikauka kwenye vidole hautoki kwa sabuni, na ukigusa shati hilo shati limeshakuwa la jikoni. Kata vichwa vyote viwili, chana ganda kwa urefu, lisukume kwa kidole gumba, likibaki gumu lichonge kwa kisu. Itumbukize kwenye maji papo hapo isije ikawa nyeusi. Halafu ipasue katikati kwa urefu utaona ule mstari wa kiini wenye vijipunje vyeusi, ukwangue kwa ncha ya kisu utoe. Wengi siku hizi wanaacha, wanasema blenda itasaga, lakini mtori wa mzazi unatolewa kiini, ndo unakuwa mweupe na laini kooni, na mtu aliyekaa pembeni akikuangalia unakwangua ndizi moja moja anajua huyu mtu anampikia anayempenda.

Nyama ikiiva itoe, ndizi ziingie kwenye ile supu, dakika 20 mpaka 25 zinakuwa zimeiva zinapondeka. Ponda humohumo kwa mwiko wa mbao, au pekecha. Blenda sikukatazi ila usiisage ikawa kama maji, inatakiwa mzito wa uji wa mtoto, ukiinua mwiko inadondoka taratibu. Nyama ichambue vipande vidogo vidogo, ondoa mafuta magumu na vifupa, rudisha kwenye sufuria, ongeza samli vijiko viwili vya chakula au maziwa fresh nusu kikombe, uache utokote dakika tano ukikoroga kwa sababu unashika chini haraka sana. Nyanya usiweke. Karoti na hoho ni mambo ya hotelini. Pilipili hapana kwa mzazi.

Mpe wa moto, kwenye kikombe kikubwa. Utakuja kuona mwenyewe, mzazi wa siku za mwanzo mkono mmoja umemshika mtoto kwenye titi, mwingine ndo alio nao. Wali na mchuzi unahitaji meza na mikono, mtori anaunywa amekaa kitandani, hatafuni, haumchoshi, na ndani ya hicho kikombe kuna nyama ya kurudisha damu, ndizi ya kumpa nguvu na maji mengi ambayo mwili unaonyonyesha unayahitaji. Watu husema mtori unaleta maziwa. Maziwa yanaletwa zaidi na mtoto kunyonya mara nyingi, usiku na mchana, na mama kunywa, kushiba na kulala. Mtori unasaidia kwenye hayo ya kunywa na kushiba, kulala ni kazi yako wewe kumchukua mtoto akishacheuliwa.

Hospitali utaupeleka kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, ioshe kwanza kwa maji ya moto. Akijifungua kwa upasuaji usimpe chochote mpaka manesi waseme. Na kwa joto la Dar mtori wa asubuhi usiuache mezani mpaka jioni unachacha, gawa mara mbili, wa kula sasa na wa frigi, ukiupasha ongeza maji ya moto kidogo na hakikisha umechemka kabisa.

Ukikwama niandikie tena. Na mtoto akifika nitumie ujumbe, nataka kujua.

SWALI: Mama habari. Mimi nimeolewa Machame, mwanangu ana miezi minne, bibi yake anataka tuanze kumpa mtori laini maana anasema maziwa peke yake hayamtoshi, baba yake na ndugu zake wote walianzishwa mapema na ni wazima. Sitaki kugombana naye, amenilea vizuri sana. (Mama Kulwa, Arusha)

JIBU: Nzuri mama. Subiri afike miezi sita, maziwa ya mama tu, hata maji hapana, hivyo ndivyo kliniki wanavyotufundisha na wako sawa. Kulia sana miezi minne hakumaanishi njaa kila mara, mpime kliniki, uzito ukiwa unapanda vizuri kwenye ile kadi basi anashiba. Kwa bibi yake usiende na maneno ya "daktari kasema" ukimkatiza mbele za watu. Nenda naye kliniki siku ya kupima, amsikie nesi mwenyewe, aone ule mstari kwenye kadi. Halafu mwambie mtori wa kwanza wa mjukuu ataupika yeye, na tarehe mpange kabisa. Siku hiyo ikifika upikwe bila chumvi, bila maziwa ya ng'ombe, nyama isagwe kabisa, uanze na vijiko viwili vitatu. Bibi aliyekulea uzazi mzima anachotafuta ni nafasi kwa huyo mtoto, na hiyo unayo ya kumpa.

SWALI: Shikamoo. Niko Hamburg, Ujerumani, mume wangu ni Mrombo. Mshare huku sijawahi kuiona. Natumia ndizi za kijani za dukani, zile za kawaida zinazoliwa zikiiva, mume anakula mpaka anakomba sufuria lakini wifi yangu aliona picha akasema huo sio mtori. Natamani kujua kama ninachomlisha ni cha kwao kweli. (Mama Neema)

JIBU: Marahaba mwanangu. Endelea. Hizo za dukani huko ni Cavendish, na wataalamu wa vinasaba vya migomba wameonyesha kwamba Cavendish na mshare zetu wana ukoo, kwa hiyo hujaenda mbali kama wifi anavyodhani. Chagua zilizo kijani kabisa hata ncha isiwe na njano, maana ikianza tu kuiva mtori unakuwa na utamu wa ajabu. Punguza muda wa kuchemsha, zinalainika haraka kuliko mshare, na toa kiini vilevile. Zile ndizi kubwa nene za Waafrika Magharibi madukani huko ziache, hazipondeki vizuri. Samli kama huna siagi isiyo na chumvi inatosha.

Wifi mjibu kwa upole, mwambie akija Desemba Rombo mtapika pamoja kwa mshare za kihambani na yeye akuonyeshe anavyofanya. Mtu aliyezaliwa kule kuona mtori wa ndizi za dukani kunamuuma kidogo, msamehe. Na mume akiwa anakomba sufuria, pika nyingine.

SWALI: Mlaso bado unafaa kumpa mzazi? Mama mkwe wangu Marangu ametuambia ataandaa, mimi damu naiogopa. (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Mlaso ni damu ya mnyama inayopikwa na samli au maziwa, wazee waliwapa wazazi ili kurudisha damu iliyopotea, na kwao ilikuwa heshima kubwa maana mnyama kachinjwa kwa ajili yako. Usilazimike. Kama utakula, iwe ya mnyama aliyepimwa na daktari wa mifugo, na ipikwe mpaka iive kabisa, nusu nusu hapana. Kama hutaki, mwambie mama mkwe mapema kabla hajachinja, kwamba huyo mbuzi akupikie mtori wa nyama yake na maini, madini ya chuma utayapata humo, na vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki uendelee navyo mpaka watakaposema acha.